Kodi imekushinda na msimu umelala: jinsi ya kuitumia serikali kabla hujatolewa nje

Mwezi wa nne ukiingia hapa Malindi huhitaji kalenda. Masika yaanza, Wataliano washapanda ndege, hoteli zapunguza watu mpaka mwezi wa saba, na keyateka, yule mwangalizi wa ploti, ambaye Disemba alikuwa akikuita bosi sasa apita mlangoni kwako pole pole akisikiliza kama uko ndani. Hio tushaizoea, mtu hukopa dukani akavumilia. Kinachotumaliza ni msimu ukilala mzima mzima, kama 2020, corona ikatangazwa Kenya tarehe 13 Machi, tarehe 25 ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, na mimi nlikuwa nafanya rumu kwenye hoteli moja ya ufuoni nikaambiwa nenda nyumbani tutakupigia simu. Mpaka leo naingoja hio simu.

Tangu hapo nimekuwa kama karani wa ploti, watu waniletea notisi niwasomee, niwaandikie barua, niwasindikize kwa chifu. Na saa hizi vile maisha yamepanda tena wanazidi kuja, ila wengi huja siku vyombo vishatolewa nje, na hapo nakuwa sina la maana la kuwaambia. Serikali, na si yetu tu, angalau hujua kumzuia mtu asitolewe. Kumrudisha ndani aliyekwisha kutoka, hapo huwa goigoi sana. Kwa hivo yote nitakayoandika hapa yafanye mapema, ukiwa bado una mlango wa kufunga.

Kwanza ujue serikali hufanya nini uchumi ukianguka

Nitapita haraka, ila usiruke, manake ukijua aina ya msaada utajua upi wa kuungoja na upi wa kuukimbilia leo.

Kuna serikali hufukuza. Sisi wenyewe tulikuwa na sheria ya mkoloni ya kukamata wazururaji, ilikaa miaka zaidi ya 30 baada ya uhuru, ikaja kufutwa 1997. Na usidhani ni mambo ya zamani, Marekani Juni 2024 Mahakama ya Juu ilisema mji wa Grants Pass una ruhusa kupiga faini watu wanaolala nje, mwaka huo huo hesabu ya usiku mmoja wa Januari ilikuta watu 771,480 hawana makao. Mtu hana pesa ya kodi, wampiga faini, hebu fanya hesabu wewe.

Kuna zinazohifadhi. Uingereza Machi 2020 serikali iliambia halmashauri wote wanaolala barabarani waingizwe ndani, wakatiwa kwenye mahoteli, kama watu 15,000 hivi ndani ya wiki chache. Nlipoisikia nlicheka kwa uchungu, hapa kwetu hoteli zilikuwa tupu kutoka Silversand mpaka Casuarina na waliokuwa wakitandika vile vitanda ndo walikuwa wakitolewa manyumbani.

Kuna zinazomlipia mtu kodi au kumkataza mwenye nyumba asimtoe. Marekani walifanya yote mawili, marufuku ilianza Septemba 2020 mpaka mahakama ikaivunja Agosti 2021, na wakatenga zaidi ya dola bilioni 46 za kusaidia kodi, japo sehemu nyingi pesa zilichelewa kufika kwa sababu ya makaratasi. Kwetu marufuku ya namna hio haikuwa. Kodi kwa Kiswahili ni neno moja, ya nyumba na ya serikali, na mwezi wa nne 2020 serikali ilitupunguzia ile ambayo hatukuwa twalipa: wenye mshahara usiozidi 24,000 wasikatwe ushuru. Sasa sisi mshahara wenyewe haukuwepo. Baadaye ikaja Kazi Mtaani, vibarua vya serikali vya vijana wa mitaa ya mabanda, awamu ya pili ilikuwa shilingi 455 kwa siku, na hio kwa kweli iliwashikilia wengi, siwezi kuibeza.

Alafu kuna zinazojenga. Hio nitairudia huko chini, ila shika moja: nyumba hujengwa kwa miaka, kodi yadaiwa tarehe 5. Afrika Kusini mama mmoja, Irene Grootboom, alishinda kesi Mahakama ya Katiba mwaka 2000, mahakama ikasema serikali lazima iwe na mpango wa walio katika shida ya sasa hivi, na kesi yake yafundishwa dunia nzima mpaka leo. Alikufa 2008 akiwa bado kwenye kibanda. Sisemi haki haina maana, nasema usiiache ikawa ndo mpango wako pekee wa mwezi huu.

Wiki ya kwanza ukiona kodi haitatimia

Usijifiche. Najua aibu, najua vile mtu huzima taa saa moja usiku akajifanya hayuko, nimefanya. Lakini mwenye nyumba asiyekuona ndo huharakisha kuita dalali. Muandikie meseji, si kumpigia, meseji yabaki kwenye simu na siku ya siku ni ushahidi. Iwe na adabu na iwe na tarehe. Mimi huwaandikia watu hivi:

"Salaam aleikum mzee, shikamoo. Hapa ni mpangaji wako rumu namba 4. Kazi imesimama tangu tarehe 18 na kodi ya mwezi huu sitaweza kuitimiza yote. Leo natuma 1,500 kwa M-Pesa, zilizobaki 3,000 nitalipa mara mbili, tarehe 20 na tarehe 5. Kama itakuwa vigumu naomba dipoziti yangu iliwe mwezi huu kisha niirudishe kidogo kidogo msimu ukianza. Naomba jibu lako mzee."

Umeona kuna nini hapo? Umekubali deni, umetuma chochote, umetoa tarehe na umetoa njia ya pili. Mwenye nyumba wengi hapa ni watu wa kawaida, wengine ni bibi mjane anayekula hio kodi, ukimuonyesha nia atakuvumilia kuliko kutafuta mpangaji mpya msimu umelala, manake na yeye ajua rumu ikiwa tupu mwezi wa tano hakai mtu. Hio ndo nguvu yako, itumie.

Chochote ulichonacho lipa kwa simu. Ukimpa keyateka mkononi dai risiti, hata kama ni karatasi ya daftari ya mtoto, aandike tarehe na asaini. Nimeona mtu ametolewa kwa deni la miezi mitatu ambalo miezi miwili alishalipa, pesa zikaishia kwa keyateka, na hakuwa na karatasi hata moja.

Jua uko kwenye fungu gani

Hapa ndo watu huchanganya, kwa sababu "sheria ya wapangaji" si moja.

Kama nyumba ya kulala kodi yake haizidi 2,500 kwa mwezi, na rumu za namna hio bado zipo Maweni na Kisumu Ndogo huko ndani ndani, unalindwa na ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi. Mwenye nyumba hawezi kukupandishia vile apendavyo wala kukutoa bila idhini ya baraza lake la kodi, na kukusumbua makusudi ili uhame mwenyewe ni kosa la jinai. Kiwango cha 2,500 hakijasonga miaka na mikaka ndo maana wengi washatoka nje yake bila kujua.

Ukilipa zaidi ya hapo wewe ni mkataba wako, wa maandishi au wa mdomo, pamoja na sheria za jumla. Akitaka kukamata vyombo kwa ajili ya deni lazima atumie dalali mwenye leseni, dalali aandike orodha ya vyombo akupe, kisha ungoje siku 14 za kukomboa. Kijana wa mtaani na mkokoteni si dalali. Na hata dalali wa kweli haruhusiwi kubeba nguo zenu, matandiko wala vifaa vyako vya kazi, kwa hivo fundi cherehani usikubali cherehani ipakiwe ukiangalia.

Kama ni kibanda cha biashara, mkahawa, duka, hio ni sheria nyingine kabisa na ina baraza lake. Bila mkataba wa muda mrefu wa maandishi notisi ni miezi miwili kwa fomu maalum, na ukiipinga kwenye baraza kwa wakati, yasimama mpaka isikizwe.

Alafu kuna sisi wa pwani na maajabu yetu, nyumba yako ardhi si yako. Umejenga kwa miti na udongo na makuti au hata mawe, walipa ada ya kiwanja kwa mwenye shamba, au humjui kabisa mwenye shamba. Mzizi wake ni ile sheria ya hati za ardhi ya 1908, Mwingereza alisema kila mwenye ardhi pwani ajitokeze adai, wengi hasa Wamijikenda hawakudai, ardhi yao ikageuka ya Malkia... samahani, ya Mfalme, wakati huo alikuwa mfalme. Wajukuu wao leo ndo maskwota kwenye shamba la babu yao. Ukiwa hapo, sheria ya ardhi vile ilivyorekebishwa 2016 yasema upewe notisi ya maandishi ya miezi 3 kabla ya kutolewa, na siku yenyewe wanaokutoa wajitambulishe, waonyeshe idhini, maafisa wa serikali wawepo ikiwa ni watu wengi, na mpewe nafasi ya kwanza kubomoa wenyewe muokoe mabati na miti yenu. Notisi ya mdomo "nataka shamba langu" si notisi. Na hio miezi 3 si ya kukaa, ndo muda wa kwenda kortini kuomba izuiwe.

Siku ya bisibisi

Nikupe moja nliyoiona kwa macho yangu. Asubuhi, chai haijachemka, nasikia kwi-kwi-kwi upande wa pili wa uwa. Kutoka, keyateka amepanda juu ya debe, ana bisibisi, afungua bawaba za mlango wa mama mmoja jirani, ya juu alishaitoa ya chini yagoma kwa kutu. Hakumtoa mtu, hakugusa chombo. Ni mlango tu. Yule mama ameketi kwenye mbuzi ya kukunia nazi na kifuu mkononi, haongei, watoto wawili wameshika yunifomu wamwangalia. Manake rumu bila mlango usiku utalalaje? Huo ndo ujanja, wakutoa bila kukutoa.

Tulichofanya, na ndo ninachokwambia ufanye. Moja, nikapiga picha, mlango, keyateka, debe, saa ikionekana. Hakupenda, lakini akateremka. Pili, hatukumpiga wala kumtukana, ukimgusa keyateka kesi yageuka yako. Tatu, tukaenda polisi tukaandikisha OB, kile kitabu chao cha matukio, jamaa wa meza akasema "hayo ni mambo ya kodi nendeni mkaelewane", nikamjibu afande sisi hatujaja kwa kodi, tumekuja kwa mlango uliotolewa na mtu asiye na amri ya korti. Akaandika. Omba namba ya OB, iandike kwenye mkono kama huna karatasi. Nne, tukaenda kwa naibu wa chifu tukiwa na ile namba, chifu akampigia mwenye nyumba simu mbele yetu, wakakubaliana deni lilipwe kwa miezi minne. Saa nane mlango ulikuwa umerudi, umeinama kidogo.

Chifu hana mamlaka ya kufuta deni wala kumpa mtu ruhusa ya kukutoa, hili shika sana. Barua ya chifu si amri ya korti. Akija mtu na karatasi muulize ina namba ya kesi na muhuri wa mahakama gani.

Msipokubaliana hapo, nenda mahakamani. Sisi Malindi tuna afadhali, Mahakama Kuu na ile ya Mazingira na Ardhi ziko hapa hapa mjini, hupandi basi. Kwenye rejista waulize kuhusu ombi la dharura la kuzuia kutolewa, wakwambie ni mahakama ipi hapo na ada ni ngapi, ukiwa huna uwezo omba usamehewe ada. Wakili wa bure yupo kisheria tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, foleni ni ndefu lakini ulizia hapo hapo. Ukiandika ombi usiandike "mimi ni maskini" kurasa mbili, andika tarehe, kiasi, meseji, picha, OB, watoto wangapi. Katiba kifungu cha 43 chasema kila mtu ana haki ya makao yanayofaa, na 53 chataja makao ya mtoto, vitaje, ila kesi yako itashinda kwa zile tarehe.

Pesa ya serikali ambayo huenda ni yako na hujui

Nyumbani kuna mzee wa miaka 70 kwenda juu, au mnalea yatima, au kuna mwenye ulemavu mkubwa? Hio ni Inua Jamii, pesa ya msaada ya serikali, 2,000 kwa mwezi. Hulimbikizwa ikaja kwa mkupuo, kwa hivo usiipangie kodi ya tarehe 5, lakini ikiingia yaziba pengo. Uandikishaji hufunguliwa kwa vipindi na hupitia kwa chifu na ofisi ya maendeleo ya jamii, kwa hivo mwambie naibu wa chifu jina la mzee mapema na kitambulisho kiwe kimerekebishwa, wazee wengi hapa umri ulioandikwa ni wa kubahatisha, mtu ana miaka 75 kitambulisho chasema 64. Hakuna ada. Mtu akikuomba mia tano "ya fomu", huyo anakula.

Nyumba za bei nafuu sasa. Ile asilimia 1.5 wanayokata kwenye mshahara, na mwajiri 1.5 nyingine, ilirudi kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024 baada ya mahakama kuikataa ile ya kwanza. Serikali husema upungufu ni nyumba kama milioni 2 na lengo ni 200,000 kwa mwaka. Wewe ukipata chini ya 20,000 kwa mwezi fungu lako ni nyumba za kijamii, kati ya 20,000 na 149,000 ndo bei nafuu. Jiandikishe Boma Yangu, mtandao wa serikali wa nyumba hizo, kwa simu yako, na kama ni saiba, kwenye kompyuta za kulipia, mlipe kijana pesa ya kuandika tu. Jiandikishe alafu usahau. Nasema kwa nia njema, kuna mtu namjua aliacha kulipa kodi mtaa wa Barani miezi miwili ili aweke akiba ya nyumba ya serikali, sasa hana ya serikali na ile rumu ina mtu mwingine.

Ukitaka serikali ijibu kwa wote

Hapa watu huchoka, lakini soma. Serikali hujibu kile inachohesabu. Hesabu ya familia za mitaani ya 2018 ilipata watu 46,639 Kenya nzima, lakini hao ni wa mitaani. Malindi ukitolewa hulali kwenye mnara wa Vasco da Gama, waenda kujibana kwa dada yako Muyeye, watu tisa rumu moja, au warudi Marafa kwa mamako na watoto waache shule. Hakuna aliyekuhesabu. Kwa hivo kila mtu aliyetolewa mtaani kwenu muandikeni jina na tarehe kwenye daftari, mpeleke nakala kwa chifu na kwa MCA, mjumbe wenu wa wadi.

Bajeti ya kaunti ina tarehe zake kwa sheria: mpango wa mwaka hufika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, mkakati wa fedha 28 Februari, makadirio yenyewe 30 Aprili. Hio ya Aprili yatufaa sana, yaangukia pale pale njaa inapoanza. Tangazo la mkutano wa maoni likitoka nendeni na lile daftari, na muombe kitu kidogo kinachowezekana. Msiseme "tunataka nyumba". Semeni: ushuru wa soko upunguzwe mwezi wa nne mpaka wa sita, vibarua vya kuzibua mitaro kabla ya masika wapewe waliosimamishwa mahotelini, na fungu la dharura la kaunti liangalie waliotolewa wakanyeshewa nje. Wasipoliandika ombi lenu, ombeni kumbukumbu za mkutano kwa maandishi.

Na ukishatolewa tayari

Nlisema sina la maana, ila haya kidogo. Kabla ya godoro toa vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, dawa, simu na chaja, vitabu vya shule. Piga picha ya kila kilichobaki nje. Vyombo vigawe kwa majirani wawili watatu na uandike nani ana nini, uwani vikinyeshewa usiku mmoja vimekwisha. Mwambie mwalimu wa watoto ukweli siku hio hio, na kama hamna pa kulala na watoto wadogo ofisi ya watoto ina wajibu, nenda na chifu au mzee wa mtaa usiende peke yako. Dipoziti usiiache, ukinyimwa bila sababu mahakama ya madai madogo husikiza mpaka milioni moja na wakili si lazima.

Yule mama wa mlango bado yuko, deni alimaliza mwezi wa tisa. Bawaba ya chini aliinunua mwenyewe, shilingi 80, na risiti ameibandika ukutani karibu na kalenda.